Shoga yangu alinisikiliza akaanguka, sasa mdogo wangu anauliza afanyeje

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu bila kudhani kwamba ipo siku nami nitakuandikia. Mimi ndiye huwa naulizwa. Tangu nikiwa msichana watu wananiletea mambo yao: huyu asamehe au asisamehe, yule ahame au abaki, mtoto wa fulani apelekwe shule gani. Nyumbani kwetu wamezoea kusema, "Mpigieni dada, yeye atajua." Nakiri nilikuwa nalipenda neno hilo.

Mwaka juzi alinijia shoga yangu, tuliyekua pamoja tangu utotoni. Alikuwa karani kwenye ofisi moja, mshahara mdogo lakini wa uhakika, na jioni alikuwa akishona nguo nyumbani kwake. Wateja walikuwa wameanza kuwa wengi. Akaniambia anafikiria kuacha kazi afungue biashara ya ushonaji. Sikumwacha hata amalize, Shangazi. Nilimwambia, "Acha leo! Unangoja nini? Maisha gani haya ya kuamka kila siku kumtumikia mtu mwingine?" Siku zile nami nilikuwa nimechoshwa mno na msimamizi wangu kazini, kwa hiyo nilimwelewa vizuri kabisa. Akataka kusema habari ya mumewe, nikamkatiza, nikamwambia wanaume ndivyo walivyo, hawapendi mke aendelee.

Mwezi uliofuata akaacha kazi. Alitoa akiba ya miaka minne, akakopa juu yake, akapanga fremu, akanunua vyerehani vitatu na kuajiri mafundi wawili. Baada ya miezi minane akafunga. Wale wateja wa jioni walikuwa wanamfuata kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu. Alipoanza kulipa kodi na mishahara, bei ikapanda, wakahama. Na lile alilotaka kuniambia kuhusu mumewe nilikuja kulijua baadaye kwa mtu mwingine: kazini kwa mume walikuwa wanapunguza watu, na yeye alikuwa kwenye orodha. Mshahara wa shoga yangu ndio ungewavusha.

Hajawahi kunilaumu. Afadhali angenilaumu. Ananisalimia vizuri, anauliza watoto hawajambo, lakini hanielezi tena jambo lake lolote. Deni bado analilipa.

Sasa ni zamu ya mdogo wangu wa kiume. Ana miaka 26, hajaoa, anaishi na mama. Amepata kazi nzuri lakini iko mbali, safari ya siku nzima. Mama ana kisukari na presha, na siku hizi macho yameanza kupungua nguvu. Mdogo wangu ndiye anayempeleka kliniki na kumhesabia dawa. Mimi nakaa mji huohuo, lakini nina watoto watatu na kazi ya zamu, nafika pale mara moja kwa wiki. Amepewa wiki mbili za kujibu. Siku ileile alinipigia: "Dada, nifanyeje?" Nikamwambia, "Mimi sijui. Shauri lako." Akanyamaza kidogo, akakata simu. Leo ni siku ya tano hajapiga tena.

Naogopa, Shangazi. Nikimwambia aende, mama akapatwa na jambo, lawama nitaibeba mimi. Nikimwambia abaki, akazeeka na majuto, nitaibeba mimi. Nifundishe jinsi ya kumshauri mtu vizuri, au niambie niache kabisa.

Ni mimi, Ninayeogopa Kufungua Mdomo

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi, napigia mstari. Umeniuliza jinsi ya kushauri vizuri, na sehemu kubwa ya jibu umeiandika wewe mwenyewe bila kujua. Nitakurudishia sentensi zako moja moja.

Kwanza nikutoe hofu kuhusu hilo la kuacha. Usiache. Mtu anayeumia kwa sababu neno lake lilimwangusha mwenzake ni mtu anayefaa kuulizwa. Ninaowaogopa ni wale wanaoshauri, mambo yakaharibika, nao wakalala usingizi mzito.

Mstari wangu wa kwanza niliupiga hapa: "Sikumwacha hata amalize." Huenda unadhani kosa lako lilikuwa kumwambia aache kazi. Mimi sioni hivyo. Wapo walioacha kazi wakafanikiwa, na ushauri wa kuacha kazi hauna ubaya wenyewe. Kosa lilikuwa kwamba ulijibu swali ambalo hujalisikia. Swali la shoga yako halikuwa "je, nifungue biashara?" Lilikuwa "je, nifungue biashara wakati mume wangu yuko mbioni kupoteza kazi?" Ni swali jingine kabisa, na nusu yake ya pili ilibaki kooni mwake.

Hauko peke yako katika hili. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichapisha utafiti juu ya mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa wao, yaliyorekodiwa. Walitaka kujua mgonjwa anapewa muda gani kueleza kilichomleta kabla daktari hajamkatiza. Wastani ulikuwa sekunde 18. Katika mazungumzo yote hayo, asilimia 23 tu ndiyo mgonjwa alifika mwisho wa maelezo yake. Mwaka 1999 wenzao wakalichunguza tena jambo hilohilo, wakakuta sekunde zimekuwa 23. Lakini kilichonigusa mimi katika utafiti huo wa pili ni kingine: wagonjwa walioachwa wamalize walihitaji kama sekunde sita tu zaidi ya wale waliokatizwa. Sekunde sita. Shoga yako alihitaji muda kama huo kusema neno "kupunguzwa".

Mtu mwenye jambo zito hulifikia kwa kuzunguka. Hutanguliza lililo jepesi, la biashara, la kazi, la watoto, huku akikutazama usoni aone kama unafaa kupewa lile lingine. Kwa hiyo mtu akikujia, la kwanza analosema lichukue kama hodi. Mwitikie, umngoje aingie. Akinyamaza, usikimbilie kuujaza ukimya. Muulize, "Na nini kingine?" Kisha uulize tena. Utashangaa ni mara ngapi jambo lenyewe linatokea kwenye "nini kingine" ya pili au ya tatu.

Na kabla hujasema lolote, mwulize amekuja kutafuta nini. Usiogope kuuliza waziwazi: "Unataka tufikirie pamoja cha kufanya, au unataka kwanza nikusikilize?" Wengi wanaoomba ushauri hawauhitaji, ila hawana neno jingine la kuombea wanachokihitaji. Mwaka 1953 padri mmoja wa Kianglikana huko London, Chad Varah, alitangaza namba ya simu kwa watu waliofikia kutaka kujiua. Yeye ndiye aliyekuwa mshauri. Walikuwapo pia watu wa kujitolea, ambao kazi yao ilikuwa kukaa na wageni waliokuwa wakisubiri zamu ya kumwona padri. Baada ya muda aliona kwamba baadhi ya wageni, wakishakaa na wale wa kujitolea wasio na elimu yoyote ya ushauri, waliondoka wametulia bila kuhitaji tena kumwona yeye. Mapema mwaka uliofuata aliwakabidhi hao kazi yenyewe ya kusikiliza. Ndivyo chama cha Samaritans kilivyopata sura yake. Mimi niliye kwenye kazi hii ya kutoa majibu hukikumbuka kisa hicho kila ninapohisi ulimi unawasha.

Mstari wa pili: "Nilimwelewa vizuri kabisa."

Hapa nilisimama muda mrefu. Uliandika kwamba siku zile ulikuwa umechoshwa na msimamizi wako, kwa hiyo ulimwelewa. Mwanangu, hukumwelewa. Ulijielewa wewe. Yule uliyekuwa ukimwambia "acha leo, unangoja nini" alikuwa amekaa kwenye kiti chako, na shoga yako akatumwa kwenda kuacha kazi ambayo wewe ulitamani kuiacha. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na sisi tumezoea kuitumia methali hiyo kwa watu wenye tamaa. Lakini mshauri mwenye mapenzi ya kweli naye huvutia ngozi kwake, na hiyo ndiyo hatari zaidi, kwa sababu hata yeye haoni mikono yake inavyovuta.

Nakwambia haya nikiwa najua. Binamu yangu alipofiwa na mumewe, nilimsihi ahame ile nyumba. Nilimwambia atapona haraka akiwa mahali pasipo na kumbukumbu. Alinisikiliza kwa sababu mimi ni mkubwa kwake. Baada ya kuhama aliniambia kwamba katika nyumba ile alikuwa bado akisikia nyayo za mumewe alfajiri, na kwamba hilo ndilo lililokuwa likimwamsha na kumtoa kitandani. Nilipokaa na nafsi yangu nikakiri: aliyeshindwa kuingia nyumba ile bila kulia nilikuwa mimi. Nilimhamisha yeye ili mimi nipumue. Tulizungumza, alinisamehe, lakini nyumba haikurudi.

Tangu hapo nina swali ninalojiuliza kabla ya kujibu: akifuata neno langu, mimi napata nini? Nikikuta kitu, hata kidogo, nakisema mbele yake. Ungemwambia shoga yako, "Nisikilize ukijua kwamba nami natamani kuacha kazi, huenda naongea kwa hasira zangu," angeyapima maneno yako kwa mizani nyingine. Mapendeleo yako usiyafiche wala usijifanye huna. Yaweke mezani ayaone.

Kisha kuna mambo ambayo hukuyajua na hukusema kwamba huyajui. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hukujua hesabu ya ushonaji. Umeniandikia mwenyewe sababu ya biashara kufa, tena kwa ufupi mzuri kuliko wahasibu wengi: bei ya jioni haikuwa na kodi wala mishahara ndani yake. Jambo hilo lilikuwa linaonekana kabla. Angechukua kodi ya fremu na mishahara ya mafundi kwa mwezi, akagawanya kwa idadi ya nguo anazoshona, angeona kila nguo inapaswa kuongezeka kiasi gani. Halafu angewatoza wateja walewale wa jioni bei hiyo mpya kwa miezi miwili au mitatu, mshahara wa ofisi ukiwa bado unaingia, aone wangapi wanabaki. Wangekimbia, angejua, na akiba ya miaka minne ingekuwa salama.

Sikuelezi haya ili nikuchome upya. Nataka uone kwamba kati ya "acha" na "usiache" palikuwa na njia ya tatu, nayo ni "jaribu kidogo kwanza." Mtu mwenye jambo hufika akiwa na milango miwili tu machoni pake, kwa sababu wasiwasi hupunguza upeo wa macho. Mshauri mzuri huzunguka nyumba akatafuta dirisha. Kuna hatua gani inayoweza kuchukuliwa na ikashindikana bila kuvunja kitu? Kama ipo, ndiyo ya kupendekeza. Na kama hujui mambo ya biashara, sema, "Hili silijui, twende kwa fulani aliyefungua akafaulu na fulani aliyefunga." Nenda kwa wote wawili. Tumezoea kumpeleka mtu kwa aliyefanikiwa peke yake.

Sasa lawama. Neno "kubeba" umelirudia. Kubeba kwa shoga yako kuna sehemu yako na sehemu yake. Yako ni kwamba ulimkatiza, na ulisema kwa uhakika usiokuwa nao. Hiyo ichukue. Lakini kuamua aliamua yeye, mtu mzima, na ukijitwika yote unamfanya mtoto asiye na akili zake. Nenda kwake. Usipige simu, nenda, siku ambayo hamna haraka. Mwambie jambo moja tu: "Siku ile ulitaka kuniambia habari ya mume wako, nikakukatiza. Nimekuja kujua ilikuwa nini. Nakosa usingizi kwa hilo." Usimwombe akwambie kwamba si kosa lako, maana hapo unamgeuza yeye awe mfariji na wewe uwe mgonjwa. Usiende na mpango wa kufufua biashara. Kama una uwezo wa kumsaidia deni hata kidogo, msaidie, lakini siku nyingine, lisionekane kama malipo. Akinyamaza, kaa naye katika huo ukimya. Akianza kusema, hilo sasa unalijua.

Tuje kwa mdogo wako, maana wiki mbili zile zimebaki siku tisa.

Ulimwambia "shauri lako." Nimelifikiria neno hili kwa miaka, na naona watu tunalionea. Katika lugha yetu shauri ni lile neno la busara analopewa mtu, na shauri hilohilo ni jambo lenyewe lililoko mbele yake. Kwa hiyo "shauri lako" ina ukweli mzito ndani yake: jambo hili ni lako, na hata nikikushauri namna gani, linabaki kuwa lako. Lakini sisi tunalitumia kumfungia mtu mlango. Mdogo wako alisikia mlango. Aliuliza akiwa na mzigo kichwani, wewe ukaona mzigo unafanana na ule uliomwangusha shoga yako, ukarudi nyuma. Nakuelewa. Ila kutoka kwenye kusema haraka mno ukaenda kwenye kutosema kabisa, na katika yote mawili mwenye jambo hakusikilizwa.

Kuna jambo gumu zaidi, na nalisema kwa upendo. Katika hili wewe hufai kuwa mshauri. Angalia ulivyoandika: "nina watoto watatu na kazi ya zamu." Kwa nini sentensi hiyo imo? Kwa sababu unajua kwamba mdogo wako akiondoka, dawa za mama zitahesabiwa na wewe, na kliniki atapelekwa na wewe. Ukimwambia "baki", utakuwa umesema kwa ajili ya mama au kwa ajili ya ratiba yako? Hata wewe hutajua. Wala si aibu kuwa na hofu hiyo, mwanamke mwenye zamu na watoto watatu anayo haki ya kuogopa. Lakini wewe ni mhusika, na mhusika akivaa joho la mshauri ndipo madhara yanapotokea. Kwa shoga yako hukuwa na sehemu katika mshahara wake. Kwa mama una sehemu, sawasawa na mdogo wako.

Kwa hiyo kinachotakiwa hapa ni kushauriana. Sikiliza hilo "-na" mwishoni: linataka watu wawili na zaidi, kila mmoja akitoa na kupokea. Mpigie leo. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Mdogo wangu, siku ile nilikujibu vibaya. Niliogopa. Naogopa kwa sababu ukienda, kazi ya mama inakuja kwangu na sijui nitaibebaje. Sikwambii hayo ili ubaki. Nakwambia ujue naongea nikiwa nimesimama wapi. Sasa nieleze yote." Kisha nyamaza.

Akishaeleza, kuna swali moja linalosaidia sana watu waliokwama: "Kama rafiki yako ndiye angekuja na jambo hili, ungemwambia nini?" Wanasaikolojia Igor Grossmann na Ethan Kross walichapisha mwaka 2014 utafiti ulioonyesha kwamba watu hufikiri kwa busara zaidi juu ya tatizo la rafiki kuliko juu ya tatizo lao wenyewe, ingawa tatizo ni lilelile. Jambo hilo wakaliita kwa jina la mfalme Sulemani, mwenye hekima kwa mataifa na aliyeyumba nyumbani kwake. Walipowaomba watu walitazame jambo lao kama la mtu wa nje, tofauti hiyo ikaondoka. Mdogo wako anaweza kuwa na jibu tayari, ila liko karibu mno na macho yake.

Halafu mtafute dirisha pamoja. Je, kazi hiyo ina kipindi cha majaribio? Ni miezi mingapi? Anaweza kuomba aanze mwezi mmoja baadaye, apate muda wa kupanga mambo ya mama? Mshahara wake mpya unatosha kumlipa mtu wa kukaa na mama mchana? Tarehe za kliniki zinajulikana mapema, je, zamu zako zinaweza kupangwa kuzifuata? Muulizeni mhudumu wa kliniki kama dawa za mama zinaweza kupangwa mara chache zaidi kwa siku. Hapo mtaanza kuona kwamba swali la "aende au abaki" limejaa maswali madogo yenye majibu.

Nisimame kidogo kwenye macho ya mama, kwa sababu hapa sitakuuliza unafikiri nini. Mpelekeni akapimwe macho wiki hii. Kisukari huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho, presha ikiwa juu huongeza uharibifu huo, na ukiachwa unaweza kumpofusha mtu. Ukiwahi kuonekana, mara nyingi unaweza kuzuiwa usiendelee. Mwenye kisukari anapaswa kupimwa macho walau mara moja kwa mwaka hata kama haoni dalili, sembuse mama ambaye ameshaanza kuona vibaya. Iwe mdogo wako anaenda au anabaki, hilo halingoji kikao.

Umeona nilivyobadilika sauti? Yapo mambo ambayo kumwachia mtu aamue polepole ni kumtelekeza: ugonjwa wenye dalili, mtu anayepigwa nyumbani, mtu anayezungumza habari ya kujiua. Hapo sema wazi, sema upesi, umshike mkono umpeleke kwa mwenye utaalamu. Mengine yote yana nafasi ya kusikilizana.

Na baada ya kushauriana, rudi. Hili ndilo ambalo sisi tunaoulizwa mambo ya watu tunalisahau kuliko yote. Tunatoa neno, tunaondoka na sifa zetu. Ungempitia shoga yako mwezi wa pili wa biashara ukamuuliza wateja wanasemaje kuhusu bei, pengine angefunga akiwa na nusu ya akiba mkononi. Mdogo wako akiamua kwenda, mpigie wiki ya kwanza, na ya tatu, na mwezi wa tatu. Akiamua kubaki, mpigie vilevile, kwa sababu kubaki nako kuna siku zake ngumu. Usimuulize kama ulikuwa sahihi. Muulize hali yake.

Mwaka 1691 huko London, John Dunton alipoanzisha gazeti la kujibu maswali ya wasomaji, hakukaa kujibu peke yake. Alikusanya wenzake wachache, wakawa wanajibu pamoja. Mimi hapa sina hata hao, nina ukurasa wako mmoja tu na sijamwona mama yako uso kwa uso. Kwa hiyo nayo haya niliyosema yapime.

Nina mstari mmoja wa mwisho, na huu niliupiga mahali ambapo hapakuwa na maandishi. Umenieleza anachotaka mdogo wako, unachoogopa wewe, umri, dawa, kliniki, safari ya siku nzima. Mama umemtaja katika barua nzima kama mtu wa kupelekwa na kuhesabiwa. Hukuniandikia hata neno moja alilosema yeye. Je, anajua kwamba mwanawe amepata kazi? Amewahi kuulizwa anataka nini, anaogopa nini, yuko tayari kuishi na nani? Huenda atasema "niacheni, mwanangu aende," na huenda anasema hivyo kwa kuwa mama ni mama, kwa hiyo mumuulize "na nini kingine?" kama nilivyokwambia.

Kaeni naye kabla siku hizo tisa hazijaisha. Na ukishakaa naye, niandikie tena uniambie alisema nini.

Ni mimi, Shangazi